Simu ya Slaidi na Mateso Yake
Jamani, simu ya slaidi, ile unasukuma skrini kando kibodi ya vitufe inatokea, ni tamu kuandikia, ila kuitunza hapa Kisumu ni adhabu. Kava hupati, vibanda vya Kondele vimejaa za simu bapa tu. Vumbi linajipenyeza kwenye reli, A inakwama, ujumbe unatoka kama wa mlevi. Halafu ule utepe mwembamba unaounganisha kibodi na skrini! Kila ukifungua simu unakunjwa, mwishowe unakatika, skrini giza totoro. Fundi anachungulia, anacheka: "Bosi, si ununue ya kugusa." Nani kamuuliza? Simu ya kwanza kabisa ya Android kuuzwa, HTC Dream ya 2008, ilikuwa na kibodi hii hii. Sasa tumebaki kupapasa vioo, unabonyeza M inatokea N.