Makato ya Tredegar na viti vya Nairobi

Akitajwa mwanasiasa wa Labour, chama cha wafanyakazi cha Uingereza, kutoka Wales, wengi humsifu Aneurin Bevan kwa ulimi wake. Naona ulimi umepewa sifa kupita kiasi. Alichokwenda nacho London ni ujuzi wa makato ya mshahara: nani anakatwa, kiasi gani, na nani anaachwa nje.

Tredegar, mji wa makaa ya mawe kusini mwa Wales, ulikuwa na chama cha tiba cha wafanyakazi tangu 1890. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Katika kila pauni ya mshahara, mchimbaji alikatwa peni 3 kabla hajashika pesa mkononi. Pauni ilikuwa na peni 240, kwa hiyo ni asilimia 1.25, na mwenye kipato kidogo alitoa kidogo. Fedha hizo zililipa madaktari, daktari wa upasuaji, wa meno na wauguzi, wote wakiajiriwa na kamati ya wafanyakazi wenyewe. Bevan, aliyeingia mgodini akiwa na miaka 13, alikaa katika kamati ya hospitali.

Kasoro ilikuwa humohumo. Mfuko unaokula mshahara hukauka mshahara ukikatika, na mwaka 1926 wenye migodi waliwafungia wachimbaji nje kwa zaidi ya miezi sita. Ndiyo maana, kwangu, uamuzi mkubwa wa Bevan akiwa Waziri wa Afya ni kuegemeza huduma ya afya ya taifa kwenye kodi, zaidi hata ya kutaifisha hospitali. Kuanzia 5 Julai 1948 mgonjwa hakuulizwa amechangia nini. Aprili 1951 serikali ilipotaka watu walipie nusu ya bei ya meno ya bandia na miwani, alijiuzulu. Waliomwita mwenye kiburi wangesubiri kidogo tu: mwaka uliofuata dawa nazo zikaanza kulipiwa.

James Griffiths, mwenzake wa Labour na Waziri wa Bima ya Taifa, hasemwi sana, na hiyo ni dhuluma. Alikuwa mchimbaji wa Betws, msemaji wa Kiwelsh, na rais wa chama cha wachimbaji wa Wales Kusini kuanzia 1934. Alijua jinsi fidia ya zamani ilivyomnyonga majeruhi. Fidia ilipimwa kwa mshahara uliopotea, na mlipaji alikuwa mwajiri au kampuni yake ya bima. Daktari akiandika kwamba mtu anaweza “kazi nyepesi”, fidia ilipunguzwa, hata kama mgodini hapakuwa na kazi nyepesi yoyote. Aliyechoka kesi alipokea kitita kidogo, akatia sahihi, akaenda zake na mguu mbovu. Sheria ya Griffiths ya 1946 ililiondoa jambo hilo mikononi mwa mwajiri. Jopo la madaktari lilipima ulemavu kwa asilimia, na mwenye asilimia 100 alilipwa shilingi 45 kwa wiki, awe na kazi au asiwe nayo. Ni sheria iliyoandikwa na mtu anayejua mahali majeruhi anapodhulumiwa.

Basi ndipo inapouma. Februari 1950 Griffiths akawa Waziri wa Makoloni. Mei mwaka huohuo serikali ya Kenya ikawakamata Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Nairobi ikagoma. Makhan Singh akawekwa kizuizini hadi 1961. Mei 1951 Griffiths mwenyewe alifika Kenya, na KAU (Kenya African Union), chama cha siasa cha Waafrika, ikampa waraka ikidai viti 12 vya Waafrika vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Pendekezo lake liliwapa walowezi wapatao 30,000 viti 14. Waafrika milioni 5 hawakupata hata nusu ya hivyo, tena vyao vilikuwa vya kuteuliwa na serikali.

Kule Wales asingekubali kamati ya mgodi ambayo wachimbaji hawakuichagua.