Jarida la The Sphinx halikustahili kufa vile

Watu wengi hudhani mwanamazingaombwe hamwambii mtu siri zake. Huwaambia wenzake, tena kwa maandishi. Kwa miaka 51 wanamazingaombwe wa Marekani walipeana siri hizo katika jarida la kila mwezi, The Sphinx, lililoanza Chicago mwaka 1902. Kwa robo karne hivi lilihaririwa na daktari wa Kansas City, A. M. Wilson, aliyekosana hata na Houdini, mwanamazingaombwe mashuhuri wa kujinasua minyororo. Houdini naye akaanzisha jarida lake mwaka 1906. Likadumu miaka miwili tu.

Thamani ya jarida kama lile naiona hapa. Ukibuni mbinu mpya ya kupoteza sarafu kiganjani, hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, haikufai, maana inakutaka uieleze hadharani, na ikishaelezwa hadharani imekufa. Unachoweza ni kuichapisha kwa wenzako, na jina lako juu yake. Kesho mtu akidai ni yake, toleo la mwezi ule linakushuhudia.

Mwaka 1930 uhariri ulishikwa na John Mulholland wa New York, mwalimu wa zamani na mkusanyaji hodari wa vitabu vya fani hii. Mwaka 1953 akalisimamisha jarida. Wasomaji waliambiwa ni afya yake, na kweli afya haikuwa nzuri. Ila mwaka huohuo alikuwa amekubali dola 3,000 za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ili awaandikie majasusi mwongozo wa kiinimacho: namna ya kumtilia mtu dawa kwenye kinywaji bila yeye kujua. Mbinu mojawapo ni ya kiberiti cha karatasi. Kidonge kinabanwa nyuma yake. Unamwashia mwenzako sigara, macho yake yanafuata moto, na mkono uleule unapita juu ya glasi yake.

Kazi hiyo ilikuwa chini ya MKULTRA, mradi wa siri wa CIA wa kutafuta njia za kutawala akili za watu. Novemba 1953 wakuu wa mradi walimtilia LSD, dawa ya kuvuruga akili, kwenye kinywaji mwanasayansi Frank Olson, naye hakuwa na habari. Siku tisa baadaye akafa kwa kuanguka kutoka dirisha la hoteli New York. Sisemi Mulholland ndiye aliyemtilia. Nasema alijua anachofundisha ni cha kazi gani.

Wapo wanaomtetea kwamba ilikuwa Vita Baridi na alitumikia nchi yake. Sikubaliani nao. Mtazamaji anayekata tiketi amekubali kudanganywa, na anarudi kwake salama. Mwenye glasi ile hakuulizwa.

Nakala za mwongozo ziliaminika zimeteketezwa mwaka 1973. Moja ikaibuka 2007, na tangu 2009 inauzwa kama kitabu. Wanaoununua kwa hamu ya ujasusi ningewaomba watafute pia matoleo ya zamani ya The Sphinx, wasome jinsi mafundi wa karata walivyosahihishana na kutajana kwa majina, mwezi baada ya mwezi.