Waya wa flaksi kwenye stenlesi: kabla ya kubishana, geuza mshono uone mgongo wake

Meza ililetwa kwa mkokoteni kutoka Kirumba, hapa Mwanza, imefunikwa turubai. Mwenyewe ni mama anayepara na kukaanga sato na sangara si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na alikuwa na swali moja tu: kama aliuziwa stenlesi, kutu imetoka wapi? Shiti lenyewe lilikuwa bado linang'aa. Kutu ilifuata mishono peke yake, michirizi ya rangi ya chai kwenye kona zote nne, na kona moja ilikuwa na ufa wa kuingiza ukucha. Niliweka sumaku juu ya shiti, ikateleza. Nikaisogeza kwenye mshono, ikang'ang'ania.

Stenlesi ilikuwa ya kweli, ya aina isiyovutwa na sumaku. Aliyeichomelea ndiye aliyetumia waya wa flaksi (wenye unga wa kinga ndani yake) wa chuma cha kawaida, ule unaofungwa kwenye mashine ndogo zisizohitaji mtungi wa gesi, ambazo siku hizi unazikuta hadi uani kwa watu.

Mafundi tumegawanyika juu ya mashine hizi. Kuna wanaosema stenlesi haichomelewi nyumbani kwa waya wa flaksi, hiyo ni kazi ya tigi, yaani kuchomelea kwa ncha ya tungsteni, na gesi ya agoni, mjadala umefungwa. Wengine wanasema ukiwa na waya sahihi unafanya chochote. Mimi nimefanya kazi kwa njia zote mbili, na kwa maoni yangu jibu linategemea mshono unaozungumzia, hata ndani ya meza moja.

Tuanze na ile kutu. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromiamu. Ikiwa ndani ya chuma kwa angalau asilimia 10.5, kromiamu hukutana na oksijeni ya hewani na kujenga utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Shiti la aina ya 304, ambalo ndilo la meza na masinki mengi, lina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Sasa yeyushia humo waya usio na kromiamu kabisa. Tuseme theluthi moja ya mshono imetoka kwenye shiti na theluthi mbili kwenye waya: kromiamu imeshuka hadi asilimia 6. Utando hauwezi kujijenga tena. Isitoshe, mchanganyiko huo ukipoa huwa mgumu na usiokunjika, kama kigae, ndiyo maana kona ya yule mama ilipasuka bila kugongwa na kitu.

Kwa hiyo wanaosema haiwezekani, mara nyingi wameona kazi ya namna hii, na hasira yao naielewa. Lakini wanailaumu mashine wakati kosa ni la waya. Upo waya wa flaksi wa stenlesi yenyewe, 308L, uliotengenezwa kujilinda bila gesi. Kwenye lebo husomeka E308LT0-3, na ile 3 ya mwisho ndiyo inayokuambia kwamba hauhitaji mtungi. Herufi L ina maana kwamba kaboni ni kidogo. Hilo si jambo dogo, kwa sababu stenlesi ikikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 450 na 850 hivi, kaboni huikamata kromiamu pembeni mwa mshono, na kutu huja kuanzia hapo miezi kadhaa baadaye. Ukiwa unaunga stenlesi na chuma cha kawaida, kama miguu ya skwea paipu chini ya meza, waya unaofaa ni 309L, wenye kromiamu na nikeli ya ziada ya kufidia kile ambacho chuma cha kawaida kinapunguza.

Kuna na jambo la nyaya. Waya wa flaksi wa chuma cha kawaida usio na gesi hufanya kazi bunduki, ile inayotoa waya, ikiwa kwenye hasi na ethi, kibano cha kwenye kazi, ikiwa kwenye chanya. Ule wa stenlesi unataka kinyume chake, bunduki kwenye chanya. Fundi anabadilisha roli la waya, anasahau kufungua kifuniko na kuhamisha nyaya, anapata cheche za kila upande na mshono uliokaa juujuu kama nta ya mshumaa, kisha anaamini kwamba ameuziwa waya mbovu. Nimeliona hili mara nyingi kuliko kosa jingine lolote.

Ukishayaweka hayo sawa, watetezi wa flaksi wana hoja ambayo huku kwetu siwezi kuipuuza: upepo. Mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na uwanja ulio juu ya mawe hauna cha kuuzuia. Gesi ya agoni inapeperushwa kabla haijafunika chuma kilichoyeyuka, hivyo mtu wa tigi inabidi atundike maturubai au ajifungie chumbani. Waya wa flaksi huunda kinga yake kwa moshi wake na kwa gamba linalofunika mshono. Unachomelea geti, reli ya ngazi au kishikio cha mtumbwi hapohapo nje. Na gharama ya mtungi wa agoni, regulata na kuujaza tena, kwa kijana anayeanza, ndiyo tofauti ya kufungua karakana na kutofungua.

Ila kinga ile ya flaksi inafunika upande mmoja tu. Geuza kazi uone mgongo wake. Kama joto limepenya shiti lote, upande wa nyuma umekutana na hewa ukiwa mwekundu, na umegeuka mweusi wenye vinundu, kama sukari guru iliyoungulia sufuriani. Kromiamu ya pale imeungua. Vinundu vile vina mashimo ambayo brashi haifiki, na uchafu wa samaki unafika. Mtu wa tigi hujaza agoni upande wa nyuma pia, na mgongo wa mshono wake unatoka safi karibu sawa na uso. Kwa waya wa flaksi unaweza kubana kipande cha shaba nyekundu kwa nyuma, kikanyonya joto na kuzuia hewa kiasi, na kwenye bamba nene inatosha. Ndani ya bomba au tangi hakuna pa kukibania.

Hapo ndipo nasimama upande wa wale wa kwanza. Mji huu unaishi kwa samaki, na usafi wa samaki tumeshaulipia gharama: miaka ya mwisho ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, ikiwamo mwaka 1999 kutokana na uvuvi wa sumu, na viwanda vya minofu vya hapa Mwanza viliumia. Meza ya mama wa Mwaloni haisafirishi kitu Ulaya, lakini wanaokula kwake ni watoto wetu. Mshono unaogusa chakula kwa upande wowote, mimi siuchomelei kwa flaksi.

Chumvi nayo ina neno lake. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo 304 inatosha huku; pwani, Dar es Salaam au Tanga, ungehitaji 316 yenye molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3. Lakini anayetengeneza kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ameileta bahari mezani kwake. Chumvi ile ikilala kwenye vinundu vya mgongo wa mshono, hutoboa.

Unene nao una mpaka. Stenlesi hupitisha joto kama theluthi tu ya chuma cha kawaida na hutanuka kwa karibu nusu zaidi, kwa hiyo joto linabaki pale ulipochomea na shiti linajikunja. Waya wa flaksi wa milimita 0.9 kwenye shiti la chini ya milimita 1.5 utakutobolea. Sufuria, sinki na masufuria ya mama lishe karibu yote yamo kwenye kundi hilo.

Lililo zito kuliko yote kwangu ni moshi, na wote wawili katika mabishano haya hulitaja kwa haraka. Stenlesi ikichomelewa hutoa kromiamu ya valensi 6, ambayo huunguza pua, huleta pumu na husababisha saratani ya mapafu. Njia zenye flaksi, waya na fimbo, huitoa kwa wingi kuliko tigi. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa kuchomelea wa aina zote katika Kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Marekani kiwango cha juu kwa mfanyakazi ni maikrogramu 5 za kromiamu hiyo kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Kiasi hicho hukioni wala hukinusi. Barakoa ya kitambaa haikizuii. Inatakiwa ile ya kichujio cha chembe, ya daraja la P3, iliyobana uso.

Neno "nyumbani" hapo ndilo linalonitia hofu. Kiwandani moshi unampata fundi. Uani unampata na mtoto aliyekaa kizingitini, na dagaa walioanikwa kwa jirani upande upepo unakoelekea. Kama lazima ufanye, fanya nje, upepo ukiwa ubavuni, watoto wakiwa mbali, na usivue miwani hata baada ya kuzima mashine, maana gamba la stenlesi huruka lenyewe linapopoa.

Kwa asiye na mashine ya waya bado, fimbo za E308L-16 za milimita 2.5 kwenye inveta ya kawaida ya kuchomelea zinafanya karibu kila kinachofanywa na waya huu, na unanunua chache kadiri ya kazi badala ya roli zima litakalovuta unyevu kabatini. Moshi ni uleule.

Meza ya mama yule tuliigawa. Miguu na vishikizo vya chini niliviunga uani kwangu kwa 309L, nikavisugua kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Kona nne za juu nilizikata zote, nikampelekea fundi wa tigi kule Nyakato, akaziunga kwa agoni pande zote mbili. Mama alipokuja kuichukua, nilimwomba apitishe kidole kwa chini ya kona kabla ya kulipa.