Miaka Elfu Kumi Bado Si Milele

Wafuasi wa transhumanizimu, wale wanaotaka teknolojia imvushe binadamu mipaka ya mwili, huzungumzia kifo kama ugonjwa ambao haujapata dawa tu. Mtu akirefushiwa maisha, mimi hewala. Ninachopinga ni kuuziwa miaka mingi kwa jina la uzima wa milele.

Wachina walishalilipia jambo hili. Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China yote, alituma watu baharini wakatafute dawa ya kutokufa. Akafa mwaka 210 KK. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, wafalme kadhaa wa nasaba ya Tang bado walikuwa wakimeza dawa za wanaalkemia, wapishi wa dawa za kutokufa, mara nyingi zenye zebaki, ambayo ni sumu. Mmoja wao, Wuzong, alikufa mwaka 846, hata miaka 35 hajafikisha. Taratibu Watao wengi, wafuasi wa dini ya Kitao ya China, wakaachana na vyungu vya dawa hizo, wakageukia pumzi na tafakuri. Zhuangzi, mwanafalsafa wa Kitao wa karne ya 4 KK, inasimuliwa, alifiwa na mkewe, rafiki akaja kuhani na kumkuta anapiga beseni huku akiimba: mke amerudi kwenye mabadiliko yaleyale yaliyomleta, kama majira yanavyopokezana. (Nisingethubutu kufanya hivyo mbele ya wakwe.)

Sasa tupige hesabu. Chukua mwili usiozeeka, lakini ajali, mafuriko na risasi vipo. Tuseme hatari ya kufa ni 1 kwa 1,000 kila mwaka. Watakaofikisha miaka 1,000 ni kama asilimia 37. Miaka 10,000? Watu wanne au watano kati ya laki moja. Punguza hatari hadi 1 kwa milioni. Mradi haishuki zaidi ya hapo, nafasi ya kuishi milele inabaki sifuri.

Georg Cantor, mwanahisabati wa Ujerumani aliyethibitisha kwamba zipo idadi zisizo na kikomo zinazozidiana ukubwa, alimwandikia Kardinali Franzelin mwaka 1886 kumtuliza. Kardinali aliogopa nadharia hiyo isije ikamchanganya Mungu na ulimwengu. Cantor akatenganisha: idadi hizo, hata kama hazina mwisho, zinaweza kuongezewa, Mungu haongezeki.

Ndiyo maana naona wachungaji wanaowashutumu wafuasi wa transhumanizimu kwamba wanashindana na Mungu wanawapa sifa wasiyostahili. Ufufuo haujawahi kuhubiriwa kama nyongeza ya miaka. Maabara zinaongeza miaka, basi. Huko kwingine hazijagusa.