Jezi Zilicheza Kuliko Sisi

Nyumbani hatukuwahi kufungwa. Naliweka hilo wazi mapema, maana kuna watu Kasulu mpaka leo wakituona wanaziba pua kwa kusudi.

Shule yetu ilikuwa huko juu milimani, ambako ukisema mpira kila mtu anajua ni wa miguu. Kikapu kilikuja na mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa kwetu akitokea Dar. Alipofika tu akaanza kuomba ringi. Mkuu wa shule akampa mabomba mawili yaliyobaki kwenye mradi wa maji, na fundi wa kuchomelea wa pale senta akaelezwa vizuri: ringi iwe futi kumi. Ndiyo kipimo cha dunia nzima, mita 3.05 kutoka chini, hakuna cha Kasulu wala Chicago.

Fundi akapima bomba futi kumi kamili. Akachomelea ringi ya nondo juu, akachimba shimo la futi mbili, akasimamisha bomba na kumwaga zege. Mwalimu alikuwa na vipindi asubuhi yote. Alipotoka darasani zege limeshakamata.

"Fundi, mbona fupi?"

"Futi kumi hizo, Mwalimu. Mbili ziko ndani."

Saruji ya kurudia kazi haikuwepo, tukacheza hivyohivyo na futi nane zetu. Raha iliyoje! Hata mimi niliyekuwa mchezaji wa akiba nilikuwa nafunga. Lakini mfalme alikuwa kijana mmoja wa kidato cha tano tuliyempa jina la Thabeet. Hasheem Thabeet mwenyewe, yule Mtanzania mcheza kikapu, ana mita 2.21, na mwaka 2009 alichaguliwa namba mbili kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Huyu wetu alikuwa anainama kidogo tu kwenye mlango wa bweni, ila kwa ringi ile alikuwa akiuweka mpira ndani kwa mkono mmoja huku anapiga soga na mashabiki. Shule za jirani zilikuja, zikafungwa, zikaenda zao. Kiwanja cha vumbi pia kilitusaidia: sisi tu ndio tuliojua ni jiwe gani mpira ukidundia unakata kushoto.

Basi sifa zikafika Kigoma mjini. Shule mbili za huko zilikuwa zinajiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, wakatuita tukapimane nguvu.

Usafiri akatoa mzazi mmoja mwenye fuso. Gari lilikuwa limepanda usiku na dagaa kutoka Kibirizi, likashusha sokoni, na asubuhi lilikuwa linarudi ziwani tupu. Tupu kwa maneno ya dereva. Chini kulikuwa na magunia yaliyonyauka, chumvi, na ule ungaunga wa vichwa vya dagaa unaoingia hadi kwenye soksi. Juu ya hayo tukapanda sisi, na kiroba chenye jezi nyeupe mpya za mchango wa wazazi, ambazo matroni alizipiga pasi moja moja.

Njiani mvua ikatukuta. Turubai likafunika watu, na kiroba hakikuwa mtu. Maji yote ya lile bodi yakateremkia kwenye kona kilipolala, na kikayanywa taratibu hadi tunaingia mjini.

Mwalimu alipokifungua, aliyekuwa karibu alirudi nyuma hatua mbili. Jezi zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ya kwangu, namba 12, ilikuwa na dagaa mzima amebanana begani, jicho wazi, ananitazama. Tukazikamua, tukazianika kwenye uzio juani tukidhani zitapoa. Jua la Kigoma likafanya kazi ambayo mvua ilikuwa haijaimaliza.

"Vaeni," Mwalimu akasema. "Harufu haina pointi."

Hapo alikosea.

Wapinzani wa kwanza walikuwa vijana wa mjini, raba safi, kiwanja cha sakafu, ringi zina nyavu. Refa akarusha mpira wa kuanzia uso ameuelekeza kwenye miembe. Thabeet akaudaka, akakimbia, akaruka kama anavyoruka siku zote, akauweka mpira pale anapouweka siku zote. Hewani. Futi mbili chini ya ringi! Ukaugonga wavu kwa chini na kumrudia usoni. Akajaribu tena, vilevile. Sisi wengine nasi mitupo yetu ikawa inakwenda kuusalimia wavu na kurudi, uwanja mzima unacheka. Kota ya kwanza hatukuwa na hata pointi moja.

Ila wenzetu nao hawakuwa na raha. Jezi zilishapata jasho. Kila mmoja wao aliyetakiwa kutukaba alikuwa anatukabia mbali, mkono mmoja mbele, wa pili puani. Mwalimu wao akapandwa na hasira.

"Msogelee! Mkabe huyo!"

"Mwalimu, njoo umkabe wewe!"

Sheria inasema ukishika mpira na mlinzi amekukaba ndani ya mita moja, una sekunde tano tu za kuutoa, kuutupa au kuudundisha. Sisi tungeweza kuushika, kupanga na kuulizana habari za nyumbani, kwa sababu ndani ya mita moja hakuthubutu kuingia mtu, mpaka ile saa ya mashambulizi ya sekunde 24, muda wa timu kuutupa mpira kwenye ringi, ianze kututisha. Na wao wakija kwetu, tulikuwa tunasimama wote watano chini ya ringi tu. Hakuna aliyepita. Walitupia kwa mbali, na upepo wa ziwa ukabeba mitupo yao.

Nahodha wao akashtaki. Refa akamsikiliza kwa heshima, akamjibu kwamba jezi zetu zina namba mbele na nyuma, na rangi ni moja kwa wote, hata kama si ile iliyonunuliwa. Kosa hakuliona.

Pembeni Mwalimu wetu alishapiga hesabu. "Ongezeni nyuzi! Tupeni kama mnarusha embe juu ya paa!" Kwa kuwa hakuna aliyetuziba macho, tulikuwa na nafasi ya kukosea na kurekebisha. Tukashinda 11 kwa 8. Paka wawili walishangilia pamoja na benchi letu.

Mchezo wa pili jioni tuliingia kifua mbele. Sasa hawa walitoka shule ya kandokando ya ziwa, upande wa Katonga. Watoto wa wavuvi, waliozaliwa pembeni ya vichanja vya dagaa. Mpira ulipoanza tu, wakatujia. Walitubana kifua kwa kifua, pua kwenye bega, kwa hamu kabisa. Aliyenikaba mimi dakika zile chache nilizoingia alivuta pumzi ndefu, akaniambia kwa sauti ya kitaalamu:

"Hawa walianuliwa mapema. Siku moja zaidi juani wangekuwa safi."

Tulifungwa 47 kwa 5. Thabeet alipata faulo tano akaenda kukaa, na nadhani alishukuru.

Tukiwa tunavua jezi, nahodha wao akaja moja kwa moja kwa Mwalimu. Tukajua anakuja kutupa pole.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana. Hongereni."

"Asante. Samahani, mnauza kwa kisado au kwa gunia?"

"Nini?"

"Dagaa."

"Hatuna dagaa."

Kijana akamtazama, akakitazama kiroba, akatabasamu kama mtu aliyezoea madalali. "Mwalimu, usinifiche. Mama ana genge pale Mwanga, yeye hana maneno mengi kwenye bei."

Mwalimu akafungua mdomo aeleze habari ya fuso na mvua. Thabeet, aliyekuwa hajatamka neno tangu alipotolewa, akamuwahi:

"Mama anatoa ngapi?"