Ranieri, fundi viraka aliyepewa jina la mwenye bahati

Tarehe 20 Aprili 2004, nusu fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Chelsea walikuwa sare ya 1-1 ugenini Monaco wakati kiungo wa wenyeji, Andreas Zikos, alipolimwa kadi nyekundu. Kocha mwingine angemshukuru Mungu, aupooze mchezo na kupanda ndege na sare yake mkononi. Claudio Ranieri, Mwitaliano aliyekuwa kocha wa Chelsea, alitamani zaidi. Akamtoa beki wa kulia, Mario Melchiot, akamwingiza straika Jimmy Floyd Hasselbaink. Muda mfupi baadaye akamtoa kiungo Scott Parker, akamwingiza beki wa kati, Robert Huth. Ndani ya dakika chache Chelsea haikujulikana nani anakaba na nani anashambulia. Monaco, wakiwa 10, wakaongeza mawili, na la tatu lilifungwa na mtu aliyetoka benchi: Shabani Nonda, yule yule aliyepita Yanga akiwa kijana. Kwa wazee wa Jangwani, bao lile lilikuwa na utamu wake.

Marudiano yaliisha 2-2, Chelsea wakatoka, na kabla ya msimu mpya Ranieri akawa ameshafungashiwa virago na kiti chake kupewa José Mourinho. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yameshamwita Tinkerman, fundi wa kuchokonoachokonoa kitu ambacho hakijaharibika. Jina likamganda.

Nauanza uchambuzi huu na usiku ule kwa makusudi, maana ndio ushahidi mzito kuliko wote kwa wanaosema mzee huyu alisifiwa kupita kiasi. Na ushahidi wao hauishii hapo. Chelsea ile ilimaliza ligi nafasi ya pili. Roma yake ya 2010 ilimaliza ya pili, pointi mbili nyuma ya Inter. Monaco yake ya 2014, ya pili. Juventus walimtimua Mei 2009 zikiwa zimebaki mechi mbili msimu uishe. Ugiriki walimpa timu ya taifa, akadumu mechi nne; ya mwisho alifungwa nyumbani 1-0 na Visiwa vya Faroe, Novemba 2014. Miezi minane baadaye akapewa Leicester City, na wengi wakacheka.

Kilichofuata kila mtu anakijua, hata asiyejua mpira: Leicester wakawa mabingwa wa Ligi Kuu ya England msimu wa 2015/16. Ndiyo maana hoja inayosikika kwenye vibanda umiza hadi leo ni moja: ilikuwa bahati ya mtende kuota jangwani. Mkeka wa 5,000 kwa 1 ulitiki mara moja, na aliyekuwa amekaa benchi siku hiyo akaitwa bingwa.

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Leicester aliyoikuta Ranieri haikuwa maiti. Nigel Pearson, kocha aliyemtangulia, alikuwa ameshinda mechi saba kati ya tisa za mwisho za msimu uliotangulia na kuiokoa isishuke daraja. Jamie Vardy alikuwepo, Riyad Mahrez alikuwepo, na N'Golo Kanté aliletwa na watu wa usajili wakiongozwa na Steve Walsh. Wakubwa nao walijikwaa kwa pamoja: Chelsea, bingwa mtetezi, alimaliza wa 10, Manchester City waliishia pointi 66. Ongeza kwamba Leicester hawakuwa na mechi za Ulaya katikati ya wiki. Ukiyapanga yote hayo mezani, kocha anaonekana kama abiria.

Lakini kuna hesabu moja ambayo wanaomwita abiria hawaigusi, nami kila nikiitazama nashindwa kuiachia.

Katika mechi tisa za kwanza za ligi, Leicester ilifungwa mabao 17. Hakuna hata mechi moja kati ya hizo ambayo kipa Kasper Schmeichel alitoka na nyavu kavu. Karibu mabao mawili kila mechi, hesabu ya timu inayopigania kutoshuka. Katika mechi 29 zilizobaki ilifungwa 19, yaani mabao mawili kwa kila mechi tatu hivi. Kipa ni yule yule. Mabeki wa kati, Wes Morgan na Huth (ndiyo, Huth wa usiku ule wa Monaco), ni wale wale. Kanté alikuwa ameshafika. Basi nini kilibadilika?

Tarehe 26 Septemba Arsenal walikuja wakaondoka na ushindi wa 5-2, Alexis Sánchez akiwa na matatu. Mechi iliyofuata, dhidi ya Norwich, mabeki wa pembeni Ritchie de Laet na Jeff Schlupp waliondolewa kwenye safu ya ulinzi. Waliokuwa wakipenda kupanda mbele wakawapisha Danny Simpson na Christian Fuchs, watu wa kulinda kwanza. Wiki tatu baada ya Norwich, Leicester wakaifunga Crystal Palace 1-0, na Ranieri akalipa deni lake maarufu: alikuwa amewaahidi wachezaji pizza siku watakapomaliza mechi bila kufungwa. Akawapeleka, lakini wakaambiwa wakande unga wenyewe.

Watu wanaikumbuka pizza na kuwasahau Simpson na Fuchs. Hapo ndipo naona mtu huyu anaposomwa vibaya. Fundi aliyetukanwa kwa kuchokonoa alifanya badiliko moja la maana, kisha akaondoa mikono. Hakuna timu katika ligi ile iliyobadili kikosi chake cha kwanza mara chache kama Leicester. Mwenyewe alieleza kwamba aliwakuta wachezaji wakiogopa habari za mbinu za Kiitaliano, akaamua kuwasemesha mbinu kidogo sana na kuwaacha wakimbie. Akawabakiza pia wasaidizi aliowakuta. Kocha mgeni, aliyetoka kudhalilishwa na Visiwa vya Faroe, ana kila sababu ya kutaka kuonyesha kwamba yeye ndiye bosi. Kukaa kimya kunahitaji mtu aliyejijua.

Matokeo yake yalikuwa kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Aprili 2016: mechi sita, tano zikiisha 1-0. Timu iliyoanza msimu ikiruhusu mabao kama mvua ya masika ilikuwa sasa inalinda bao moja kama mtu anavyolinda nauli ya kurudia nyumbani. Na pointi 81 walizobebea ubingwa si za kuokota. Manchester United walikuwa mabingwa mwaka 2011 kwa 80.

Msimu uliofuata unaurudisha upande wa pili uwanjani, na sitaki kuupunja. Chelsea walimchukua Kanté, sawa, lakini huo hauwezi kuwa utetezi wa kila kitu. Ranieri alirudia mazoea ya zamani ya kubadilisha vikosi na mifumo. Hakushinda hata mechi moja ya ligi ugenini. Ulipoingia mwaka 2017, Leicester ilicheza mechi sita za ligi bila kufunga bao, tano za mwisho ikipoteza zote. Alipofutwa kazi 23 Februari, miezi tisa baada ya ubingwa, timu ilikuwa ya 17, pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka. Msaidizi wake, Craig Shakespeare, akashika timu na kushinda mechi tano za ligi mfululizo. Tulilia sote kwa huruma. Mourinho, ambaye mwaka 2008 walipokuwa wapinzani Italia alimkejeli kwa uzee na uhaba wa makombe, alikuja kwenye mkutano na waandishi akiwa na herufi CR, za jina la Ranieri, kifuani. Lakini ukiondoa machozi, wamiliki walikuwa na hoja.

Ninachokataa ni kuipima kazi ya miaka karibu 40 kwa mwaka mmoja wa juu na mmoja wa chini. Ranieri hakuwa mchezaji nyota. Alizaliwa Roma, akaichezea klabu ya mji wake mechi chache za Serie A, kisha akakaa miaka minane Catanzaro kama beki, akamalizia Catania na Palermo. Klabu zote tatu alipanda nazo daraja. Akiwa kocha aliichukua Cagliari ya daraja la tatu mwaka 1988 na miaka miwili baadaye ilikuwa Serie A. Akairudisha Fiorentina ligi kuu mwaka 1994, akainusuru Parma 2007, akaipandisha Monaco 2013. Aliporudi Cagliari mwanzoni mwa 2023, akiwa na umri wa miaka 71, timu ilikuwa Serie B. Juni 11, ugenini Bari, Leonardo Pavoletti alifunga dakika ya 94 na kuipandisha. Hayo ni maisha ya fundi viraka: anaitwa nguo ikishachanika, na ikishashonwa anatafutwa mshona suti. Mara nyingi timu kubwa zilimwita kwa kazi ya pili huku yeye akiwa bingwa wa ile ya kwanza.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa nyumbani. Novemba 2024 Roma walikuwa wa 12 wakiwa na pointi 13 katika mechi 12. Makocha wawili walishatimuliwa, wa kwanza akiwa Daniele De Rossi, ambaye Ranieri aliwahi kumtoa wakati wa mapumziko pamoja na Francesco Totti katika dabi ya Aprili 2010, Roma ikiwa nyuma 1-0 dhidi ya Lazio. (Wazawa wawili wa Roma, nahodha na msaidizi wake, ndani ya dabi! Mirko Vučinić alifunga mawili, wakashinda 2-1.) Katika mechi 26 alizosimamia, mzee akavuna pointi 56. Uendeleze mwendo huo kwa mechi 38 unapata takriban 82, ambazo ndizo alizonazo bingwa wa msimu ule, Napoli.

Siku ya mwisho, 25 Mei 2025, Roma waliifunga Torino 2-0 ugenini na kufikisha pointi 69. Huko Venice, Juventus walipata penalti, Manuel Locatelli akaiweka ndani, wakashinda 3-2 na kumaliza na 70. Nafasi ya nne ya Ligi ya Mabingwa ikaenda Turin. Mwezi uliofuata Italia ilifungwa 3-0 na Norway, Luciano Spalletti akaondolewa, na shirikisho likamfuata Ranieri, miaka 73, aje kuitia kiraka timu ya taifa. Alikataa. Alikuwa ameshawaahidi Roma kubaki kama mshauri.