Kiwavi Kanishinda Adabu

Basi leo asubuhi kifungo cha suruali kimeruka. Sikuinama, sikukohoa, nimepumua tu kama raia mwema, kikaenda zake uvunguni. Wenzangu mnaofunga kwa pini na kuteremsha shati juu yake, nyinyi tunaelewana.

Nikaenda dirishani kutuliza hasira. Mche wangu wa nyanya umebaki mifupa. Juu yake kiwavi, kijani, mnene kama kidole gumba, anatafuna. Nikajikohoza kwa hadhi. Anatafuna.

"Bwana mdogo, wewe huna kiasi?"

Anatafuna.

Kumbe mwenye kiasi ni yeye! Binamu yake Manduca sexta, waliyempima sana wataalamu, huongezeka uzito kama mara 10,000 kwa wiki tatu hivi, na ngozi ikimbana huiambua akatoka na nyingine. Bure! Lakini akiwa ndani ya ngozi ya mwisho ya ukiwavi, akifikisha uzito fulani, mwili unafunga bomba la homoni ya utoto, ile inayomzuia asikomae. Ikishamtoka damuni, ubongo unaamuru tezi za kifuani zimwage ekdisoni, homoni ya kuambua ngozi na kugeuka, na mheshimiwa anaacha kula. Anaacha! Hakuweka nadhiri, hakutishwa na daktari. Anateremka, anajifukia udongoni, akitoka huko ni nondo.

Ubongo wangu mimi nimeusubiri. Nimeukemea. Umeniuliza jikoni kumebaki nini.

Na wewe unayesema yule nzi mdogo ni mtoto, atakua, nyamaza. Nzi mwenye mabawa hakui tena; udogo kaja nao tangu alipokuwa buu.

Afadhali wadudu wekundu wa Karel Sláma, mtaalamu wa wadudu, waliotoka naye Prague hadi Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa mtaalamu mwenzake Carroll Williams, miaka ya 1960. Walipofika huko wakagoma kukua. Wanaambua ngozi, wanakuwa watoto wakubwa zaidi, wanafia utotoni. Mchawi akawa karatasi walizotandikiwa: zimetokana na mti wa Marekani wenye kitu kinachofanya kazi ya ile homoni ya utoto. Yakajaribiwa magazeti. The New York Times likawazuia wasikue. The Times la London likawaacha wakakua vizuri.

Sasa mimi nina mpwa, ndevu zimefika kifuani, nguo bado anafuliwa na mama yake. Nimempigia kumuuliza anasoma gazeti gani.

Kasema hasomi chochote.